Kola ya leni yenye punje za mchele

Mama wa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, unaijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Miji yetu iko juu, zaidi ya metre 1.000, na asubuhi mtoto anakwenda masomo shingo wazi. Fulari ndefu? Inafunguka njiani, na ncha zake zinaweza kukamatwa katika mnyororo wa kinga ao katika mashine ya kusaga. Kola ya duara haina ncha.

Leni mupya ni bei. Tafuta sokoni triko ya zamani, lakini igeuze ndani kwanza. Kama pembeni imekatwa na kushonwa na mashine, iache pale pale: ukiifungua utapata vipande vifupi tu. Twaa ile yenye vitanzi vizima mpaka pembeni. Fungua, zungusha uzi juu ya mgongo wa kiti, funga pahali pane, osha na maji ya vuguvugu, kisha tundika na kitu kizito kidogo chini. Mikunjo itanyooka. Gramu 100 zinatosha.

Sasa twaa sindano namba 5 na weka vitanzi 37. Kitanzi kimoja andrua (uzi nyuma), kimoja anveri (uzi mbele), hivyo mpaka mwisho, umalize na andrua. Mistari yote ni sawa. Angalia: pahali unaona punje, fuma andrua, pahali ni laini, fuma anveri. Ukikosa utaona mifereji. Ukifuata vizuri, utapata sura ya mchele uliomwangwa juu ya lungo. Rangi nyeusi inaficha punje hizo, afazali kijani ao rangi ya udongo. Na tena, kitambaa hiki hakijikunji pembeni sawa triko ya kawaida.

Fuma sentimetre 55 kwa mtoto, 60 kwa mukubwa. Pima juu ya kichwa, maana ni kichwa kitapita. Unganisha ncha mbili na sindano ya kushona. Mtoto mchanga asilale nayo.

Juu ya baba anayefanya kazi mgodini: kola haizuii vumbi, haichukui nafasi ya maski. Ikungutwe inje ya nyumba, na usiioshe pamoja na nguo za watoto, kwani vumbi ile inabeba metali.

Ikiwa na maji usiitundike, itarefuka. Ilaze juu ya taulo, kivulini.