NENO MOJA, MAANA NYINGI: TAFSIRI YA 'TIME' KWA KIHISPANIA NA FUNZO LAKE KWA MWALIMU WA FASIHI

Utangulizi

Mwalimu anayefundisha fasihi iliyotafsiriwa hulisikia swali hili mara nyingi: "Neno hili kwa Kiswahili ni nini?" Swali lenyewe lina kasoro. Neno pekee halina tafsiri. Kinachotafsiriwa ni maana ya neno hilo mahali lilipotumiwa. Katika makala haya tutalithibitisha dai hilo kwa kuchunguza namna neno la kawaida la Kiingereza, 'time', linavyotafsiriwa kwa Kihispania.

Tumechagua Kihispania kwa makusudi. Mwanafunzi wetu huishi na Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja hata akausahau mpaka ulio baina ya lugha hizi mbili. Lugha ya tatu, asiyoizoea, humwonyesha mpaka huo waziwazi.

Matawi matatu ya neno moja

Msomaji atakumbuka kwamba neno lenye maana zaidi ya moja huitwa kitawe. 'Time' ni kitawe chenye matawi mengi, na Kihispania huyagawa matawi makuu kwa maneno matatu tofauti.

(a) Tiempo: muda kwa jumla, ule unaopita, unaotosha au unaopotea. No tengo tiempo ni kusema 'Sina wakati'.
(b) Hora: wakati unaosomwa kwenye saa. ¿Qué hora es? ni kuuliza 'Ni saa ngapi?'
(c) Vez, ambalo wingi wake ni veces: idadi ya kutokea kwa jambo. Tres veces ni 'mara tatu', na la última vez ni 'mara ya mwisho'.

Mzungumzaji wa Kiingereza anayejifunza Kihispania hutatizwa sana na mgawanyo huu kwa sababu lugha yake imeyaweka yote katika chungu kimoja. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kutatizika. Lugha yetu imegawa vivyo hivyo: wakati, saa na mara. Maneno yetu matatu yana asili ya Kiarabu, na ya Kihispania yana asili ya Kilatini. Hata hivyo, mkato ni ule ule. Mwanafunzi anayefikiri kwanza kwa Kiswahili ataona vez na kukumbuka 'mara'. Anayepitia Kiingereza atapotea njiani.

Isitoshe, katika sarufi Kiswahili na Kihispania husimama upande mmoja. Sisi husema 'wakati uliopita' na 'wakati ujao' tunapoeleza vitenzi. Wahispania nao hutumia lile lile tiempo. Kiingereza hapa kina neno jingine kabisa.

Mahali ambapo lugha hizi hutengana

Hata hivyo, mwalimu asimruhusu mwanafunzi kudhani kwamba tiempo ni 'wakati' kila linapotokea. Neno hilo pia ni kitawe. Hace buen tiempo haina uhusiano wowote na saa. Maana yake ni kwamba hali ya hewa ni nzuri.

Vilevile, 'saa' na hora hazilingani kikamilifu. Kwanza, Kiswahili huita 'saa' hata chombo kinachovaliwa mkononi, ilhali Kihispania hukiita reloj. Pili, hesabu zetu zinatofautiana. Son las siete de la mañana, kwa maneno yalivyo, hutaja saba ya asubuhi, lakini Mswahili husema 'saa moja asubuhi'. Mfasiri anayeandika 'saa saba asubuhi' amelitafsiri neno na kuiharibu habari, kwani mhusika aliyeamka na jua atasomeka kama aliyeamka katikati ya usiku au mchana.

Katika hesabu, Kiswahili husema 'tatu mara nne'. Kihispania hakitumii vez hapo. Husema tres por cuatro, ingawa 'kubwa mara tatu' hurudi kwenye veces. Kadhalika, panapofika wakati wa kuondoka, Kihispania hutumia hora: es hora de irnos. Ni wazi basi kwamba hata lugha mbili zinazokaribiana haziruhusu neno moja libadilishwe kwa jingine kimkatomkato.

Neno linapotoweka

Zipo pia semi ambamo tafsiri bora hailitaji neno hilo kabisa. Kiingereza husema mtu 'alikuwa na wakati mzuri' kumaanisha alifurahi. Anayeihamisha kauli hii neno kwa neno kwa Kihispania na kuandika tuvimos buen tiempo amewaarifu wasikilizaji wake kuwa mvua haikuwasumbua. Kihispania sahihi ni lo pasamos bien.

Mwalimu atatambua kosa hili mara moja, kwa sababu limejaa katika insha zetu: "Tulikuwa na wakati mzuri Mombasa." Kiswahili kina 'tulistarehe', 'tulifurahi' na 'tulijiburudisha'. Mwanafunzi anayakosa si kwa kutoyajua, bali kwa kutafsiri umbo na kuiacha maana.

Uhusiano wake na uhakiki

Huenda msomaji akauliza haya yote yana manufaa gani kwa mhakiki. Tuitazame riwaya ya Gabriel García Márquez, El amor en los tiempos del cólera, iliyochapishwa mwaka wa 1985. Edith Grossman aliitafsiri kwa Kiingereza mwaka wa 1988. Katika anwani ya Kihispania tiempos imo katika wingi. Katika ile ya Kiingereza imekuwa umoja. Mfasiri wa Kiswahili angekuwa na uteuzi wa 'wakati', 'enzi', 'zama', au hata 'siku za kipindupindu', jinsi wazee wanavyosema 'siku za njaa'.

Neno cólera nalo lina mtego. Likiwa katika jinsia ya kiume ni kipindupindu, na likiwa katika jinsia ya kike ni hasira. Sisi tunalijua jambo hili kupitia ngeli: 'ndege ameruka' si sawa na 'ndege imeruka'. Anwani inataja ugonjwa, lakini mwangwi wa hasira humfikia msomaji wa Kihispania. 'Kipindupindu' hakina mwangwi huo. Hivyo basi, mhakiki anayesoma tafsiri huenda asiione taswira iliyomo katika matini asilia.

Kinyume chake pia ni kweli: tafsiri inaweza kuongeza. Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare na kuichapisha mwaka wa 1969, mfanyabiashara mmoja wa anwani ya Kiingereza aligeuka kuwa wengi: Mabepari wa Venisi. Azimio la Arusha lilikuwa limetolewa mwaka wa 1967, na neno 'bepari' lilikuwa na uzito wake. Mwanafunzi anayedai kwamba Shakespeare, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 16, alikusudia kuushambulia ubepari kwa anwani hiyo amempa mtunzi sauti ya mfasiri. Dai kama hilo haliwezi kutetewa, hata likiandikwa kwa ufasaha.

La kufanya darasani

Waandikie wanafunzi sentensi sita za Kiingereza zenye neno 'time', kila moja ikiwa na maana yake. Kabla ya kutafsiri, waeleze kwa Kiswahili kinachosemwa katika kila sentensi. Kisha watafsiri, na walinganishe maneno waliyoyateua. Hatimaye wape tiempo, hora na vez wazipange. Kipindi kimoja chatosha. Baada ya zoezi hilo, wageukie kitabu chochote kilichotafsiriwa na waulize: ni neno gani hapa ambalo mfasiri angeweza kuliteua vingine, na maudhui yangebadilikaje?

Hitimisho

Tumeona kwamba neno moja la Kiingereza huhitaji maneno kadhaa ya Kihispania, na pengine halihitaji neno lolote. Tumeona pia kwamba Kiswahili humkaribisha mwanafunzi karibu na Kihispania kuliko anavyodhani, mradi aanzie katika lugha anayoimiliki. Mwalimu akimzoesha kuuliza "Hapa panasemwa nini?" badala ya "Neno hili ni nini?", atakuwa amemwandaa kutafsiri na kuhakiki kwa wakati mmoja.