Serikali humlipa tabibu wa Peramiho. Nani amlipie mwanafunzi?

Kutoka Songea mjini hadi Peramiho ni kilometa 24 hivi, upande wa kwenda Mbinga. Wabenediktini walianzisha misheni yao pale mwaka 1898, na mpaka leo hospitali, shule, karakana na kanisa kubwa la abasia vimekaa karibu karibu. Mgonjwa anayelazwa Hospitali ya Mtakatifu Yosefu yuko mikononi mwa hospitali ya Kanisa, lakini kwa makubaliano ya miaka mingi Serikali huipa ruzuku na watumishi. Mwanafunzi wa shule ya Kanisa katika misheni hiyo hiyo hana bahati hiyo. Mshahara wa mwalimu wake, chaki, maharage ya bwenini na mafuta ya jenereta hutoka kwenye ada ya mzazi.

Tofauti hiyo tumeizoea hata hatuiulizi tena. Naona wakati wa kuiuliza umefika, maana nchi nyingine zimeijibu kwa njia ya kodi, na baadhi ya viongozi wetu wa dini na wamiliki wa shule wanazitazama kwa matamanio.

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini sheria kubwa ya kodi. Ndani yake kuna kifungu kinachompa mlipakodi nafuu ya hadi dola 1,700, yaani zaidi ya shilingi milioni 4, akichangia mfuko unaosomesha watoto, hata katika shule binafsi na za dini. Kifungu kinaanza kazi Januari 2027, na kila jimbo linaamua kama litajiunga. Arizona ilikwisha kuanza mpango wa namna hiyo mwaka 1997 na Florida mwaka 2001. Maaskofu Wakatoliki na madhehebu mengine waliupigania kwa miaka. Vyama vya walimu wa shule za umma navyo viliupinga miaka yote hiyo, vikisema fedha ya umma inapitishwa mlango wa nyuma.

Mwananchi wa Lizaboni au Bombambili hapa Songea atauliza hilo linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu sheria yetu nayo ina mlango, ila mwembamba na haujulikani.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kifungu cha 16, inaruhusu mwenye biashara kutoa kwenye hesabu ya kodi mchango wake kwa taasisi ya hisani, usiozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara yake. Kuendeleza elimu ni miongoni mwa shughuli zinazohesabiwa kuwa hisani, mradi taasisi iwe imepata uamuzi wa Kamishna wa Mamlaka ya Mapato, TRA, unaoitambua hivyo. Tena Sheria ya Mfuko wa Elimu ya mwaka 2001, iliyounda Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, inampa nafuu anayechangia mfuko huo, na mchangiaji hupewa hati ya kwenda nayo TRA.

Tuweke hesabu mezani. Kampuni ya Songea inayopata faida ya shilingi milioni 100 ikichangia milioni 2 kwa taasisi iliyotambuliwa, milioni hizo mbili haziingii kwenye hesabu ya kodi. Kwa kiwango cha asilimia 30, kampuni imeokoa shilingi 600,000, na 1,400,000 zimetoka mfukoni mwake kweli. Mmarekani, chini ya sheria ile mpya, akitoa dola 1,700 anapunguziwa kodi dola hizo hizo 1,700. Hajatoa kitu chake. Ameelekeza tu kodi yake iende wapi. Sisi bado tunamtaka mtoaji atoe kweli, na hapo sioni kasoro.

Kasoro naiona kwingine. Mwalimu, nesi au karani anayekatwa kodi moja kwa moja kwenye mshahara hana nafasi ya kupata nafuu hiyo. Na wengi wa wazazi wa mkoa wetu wa Ruvuma hawamo hata kwenye kundi hilo. Ni wakulima wa mahindi wa Madaba na Namtumbo, wa kahawa wa Mbinga, wa korosho wa Tunduru. Huwezi kumpunguzia kodi ya mapato mtu ambaye jina lake halimo kwenye daftari la kodi hiyo. Mzigo wake yeye uko kwenye bei ya mbolea na kwenye ushuru wa mazao ambao mnunuzi anausukumia kwenye bei ya kununulia.

Chukua mzazi anayetakiwa ada ya shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Akiuza mahindi kwa shilingi 700 kwa kilo, gunia la kilo 100 linampa 70,000. Ada peke yake ni zaidi ya magunia 21. Bado fomu ya kujiunga: godoro, shuka jozi mbili, ndoo yenye mfuniko, jembe na mpini wake, rimu ya karatasi, sare, sweta la baridi ya Songea, na nauli. Januari stendi hujaa wazazi waliobeba tranka kichwani na fomu hiyo mkononi, wakihakiki mstari kwa mstari kitu gani kimekosekana. Magunia ya kula nyumbani hayajahesabiwa hapo, wala ya kulipa mbolea ya msimu unaofuata.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tuige nafuu ya kodi kwa mzazi anayelipa ada. Nafuu hiyo ingeenda kwa mfanyabiashara wa mjini ambaye mwanawe tayari yuko shule ya ada kubwa, na mkulima wa Mgazini angeisikia redioni tu. Wenye hoja hiyo husema mzazi analipa mara mbili: kodi inayoendesha shule za Serikali, kisha ada. Uchungu wao naujua. Lakini tangu Januari 2016 Serikali ilipofuta ada hadi kidato cha nne, kisha mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na sita, kila mzazi ana mlango wa shule ulio wazi. Anayechagua mlango mwingine kwa ajili ya imani au malezi anatumia haki yake, na haki hiyo haiwezi kulipwa na jirani yake mwenye kipato cha chini kuliko yeye.

Anayestahili kusaidiwa ni mtoto. Namsemea binti wa mkulima aliyefaulu, ambaye wazazi wake wangependa alelewe na masista wa Chipole au Peramiho, au kijana ambaye wazazi wake wanatafuta shule ya Kiislamu yenye maabara na walimu kamili, na kinachowazuia ni ada.

Hapa mkoani kwetu jambo hili halizungumziki bila historia. Shule na dini vilifika Ungoni vikiwa vimeshikana. Mwaka 1905 wapiganaji wa Majimaji waliichoma misheni ya Peramiho, na Padri Franziskus Leuthner akauawa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni hapa Songea, na baadhi yao walibatizwa kabla ya kufikishwa kwenye kitanzi. Baada ya vita misheni ilijengwa upya, na kwa miongo iliyofuata aliyetaka kusoma alisoma kwa wamisionari. Upande wa magharibi, kutoka Songea hadi Mbinga na ziwani, shule za misheni zilienea. Tunduru, wilaya ya Waislamu wengi, mzazi alibaki na uamuzi mgumu: ampeleke mtoto shule ya misheni na kuhofia dini yake, au abaki na madrasa bila cheti cha kumpatia kazi.

Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa sala za kila siku, aliliona hilo. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilichukua shule za mashirika ya dini ili nafasi ya kusoma isitegemee ubatizo. Kigonsera, ambako Benjamin Mkapa alisoma seminari ujanani, leo ni sekondari ya Serikali. Wapo wazee wa Kanisa ambao bado wanasikitika kwamba majengo waliyoyafyatulia matofali kwa mikono yao yalichukuliwa. Nawaelewa, na bado nasema Mwalimu alikuwa sahihi kwa wakati ule.

Milango ya shule binafsi ilifunguliwa tena kwa upana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995. Kabla ya hapo, mwaka 1992, Serikali ilikuwa imetia saini hati ya makubaliano na makanisa kuhusu huduma za jamii, yaani elimu na afya. Waislamu wengi waliiona hati ile kama upendeleo, na malalamiko yao hayajaisha. Mkapa, yule yule wa Kigonsera, akiwa Rais aliwakabidhi Waislamu majengo ya TANESCO mjini Morogoro, na humo kikazaliwa Chuo Kikuu cha Waislamu kilichoanza mwaka 2005. Ilikuwa hatua njema, lakini mizani haikai sawa kwa zawadi ya Rais mmoja. Inahitaji sheria inayosoma sawa kwa wote.

Na sheria ya namna hiyo tunayo kwenye elimu ya juu. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humfuata mwanafunzi. Akichaguliwa SAUT ya Wakatoliki, Tumaini ya Walutheri, Chuo cha Waislamu Morogoro au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bodi haimuulizi anasali wapi. Inauliza uhitaji wake. Zaidi ya miaka 20 imepita na Taifa halijagawanyika kwa sababu hiyo.

Jirani zetu Uganda walijaribu kwenye sekondari. Kuanzia 2007 Serikali yao iliwalipia wanafunzi katika baadhi ya shule binafsi shilingi za Uganda 47,000 kwa muhula kwa kila mmoja, kisha kuanzia 2018 ikaanza kuusitisha mpango. Fedha ya bajeti inayowekwa leo huweza kuondolewa kesho, na mtoto aliyeko kidato cha pili ndiye anayerudishwa nyumbani.

Pendekezo langu basi ni dogo na linawezekana. Kiwango cha asilimia 2 kipandishwe kwa mchango unaokwenda kwenye mfuko wa ufadhili wa wanafunzi tu, na mwajiriwa anayekatwa kodi kwenye mshahara aruhusiwe naye. Mfuko uwe na masharti yasiyo na mlango wa nyuma. Upokee maombi ya mtoto wa dini yoyote. Binti wa Kiislamu kutoka Tunduru akisomeshwa kwa masista asilazimishwe kwenda misa, na kijana wa Kikristo katika shule ya Kiislamu aheshimiwe vivyo hivyo. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru huo. Shule isimfukuze wala kumkaririsha mtoto wa ufadhili ili kupamba wastani wake wa mtihani, tabia ambayo Wizara imeikemea mara nyingi. Hesabu za mfuko zibandikwe hadharani kila mwaka, zisomwe kanisani na msikitini. Na mwanafunzi aliyefadhiliwa asiadhibiwe baadaye anapoomba mkopo wa chuo, akihesabiwa kuwa mtoto wa tajiri kwa sababu alisoma shule ya ada. Barua ya mfadhili iwe ushahidi wa umaskini wake.

Watasema Hazina itapoteza mapato. Itapoteza kidogo, kweli. Lakini kila mtoto anayekaa kwenye dawati la shule ya dini ni dawati moja ambalo halmashauri haikulazimika kulitengeneza, na shule zetu za kata zinajua msongamano ulivyo.

Majimbo ya Kanisa na Baraza Kuu la Waislamu, BAKWATA, wasisubiri sheria ibadilike. Mlango uliopo utumike sasa: waandikishe mifuko yao ya elimu, waombe utambuzi wa TRA, kisha wawafuate wafanyabiashara wa Songea mmoja mmoja wakiwa na karatasi ya hesabu mkononi. Wabunge wa Ruvuma nao wana kazi. Kila mwaka kabla ya bajeti Wizara ya Fedha hutangaza kupokea maoni ya maboresho ya kodi, na maoni hayo hukusanywa miezi mingi kabla ya hotuba ya Juni. Andiko la Ruvuma lifike mapema, likiwa na saini ya askofu na ya sheikh kwenye ukurasa mmoja.