Kofia ya shaba kwenye nguzo: Isiwe urembo wa wiki mbili!

Na Mwandishi Wetu

WAPO wanaojenga uzio wa mbao wakamaliza fedha yote kwenye lango, halafu vichwa vya nguzo wakaviacha wazi, jua lao, mvua yao. Masika machache baadaye nguzo zimepasuka kichwani na kuoza. Mwenye nyumba anamlaumu fundi, fundi naye anamlaumu muuza mbao. Kumbe kilichokosekana ni kofia tu!

Ndiyo, kofia. Mti uliokatwa una mirija midogo midogo, na pale kichwani mirija hiyo iko wazi kama mrija wa soda. Mvua ikinyesha, nguzo inakunywa. Kofia inaziba mdomo huo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema eti kofia za shaba ni mbwembwe za wenye nazo, mwambie mbwembwe ni nusu tu ya kazi.

Sasa tuingie dukani, maana huko ndiko watu wanakoingizwa mjini. Kiswahili chetu kinaita shaba vitu viwili. Ipo shaba nyekundu, ambayo ni shaba halisi, na ipo ya njano, ambayo imechanganywa na zinki. Zote zinafaa, ila usiuziwe moja kwa jina la nyingine.

Nenda na sumaku mfukoni. Ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa shaba juu, kitashika kutu mapema. Isiponasa usishangilie bado, kwani hata alumini hainasi. Omba ruhusa ukwaruze kidogo upande wa ndani. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe, rudisha pochi mfukoni.

Pima nguzo baada ya kupigwa randa, siyo kabla. Mbao inayoitwa nne kwa nne ikishapigwa randa haifiki tena inchi 4. Tena acha nafasi ya milimita 2 au 3, kwani mbao hutanuka wakati wa mvua. Ukikosa saizi yako, fundi bati mzuri atakukunjia kofia kwa bati la shaba. Mwambie aifanye ya mgongo kama paa, maji yasituame.

Kwenye kufunga ndipo wengi wanapochemsha. Usimruhusu fundi apige misumari ya kawaida! Shaba na chuma vikikutana penye maji, hasa yenye chumvi kama huku pwani, chuma ndicho kinacholiwa. Hata Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886, ilipata balaa hilo. Ngozi yake ni shaba, mifupa yake ilikuwa chuma, na kutu iliilazimisha kufanyiwa ukarabati mkubwa kati ya 1984 na 1986. Tumia skrubu za shaba, au za chuma kisichoshika kutu. Na nguzo iwe imekauka sawasawa. Ukiivisha kofia ikiwa mbichi, unafungia maji ndani.

Je, matunzo? Shaba ikikaa nje hugeuka kahawia, kisha nyeusi nyeusi, na mwisho kijani. Usipaniki. Ukijani ule ni ngozi inayokinga shaba iliyo chini yake. Wapo wanaoupenda na kuuacha. Wewe unayetaka mng'aro, chukua limau na chumvi, au ukwaju uliolowekwa, sugua kwa kitambaa laini, suuza kwa maji mengi, kausha, kisha paka nta. Msasa na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria viache jikoni. Na maji ya kusuuzia yasiingie kwenye bwawa la samaki, kwani shaba ni sumu kwao.

Ukiwa na ukuta mweupe chini ya kofia, hakikisha kingo za kofia zinamwaga maji mbali nao, la sivyo utapata michirizi ya kijani.

Lipo jambo moja zaidi, nalo ni wezi. Shaba ina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ndiyo maana nyaya za umeme na za simu zimekuwa zikikatwa usiku. Kofia iliyochomekwa tu bila skrubu ni zawadi kwa mpita njia. Ifunge kwa skrubu pande mbili na kuigandisha kwa silikoni. Nawe pia usinunue shaba ya bei ya kutupa kwa mtu asiyejua kueleza ameitoa wapi. Huenda unanunua kofia ya jirani yako, au simu ya mtaa mzima!

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nguzo nazo, ukiziona zimesimama wima na kofia zao, ujue kuna mtu alizifikiria kabla ya mvua.