Alizeti ya Bahi na ushuru unaobadilika kila Juni

Katika wilaya ya Bahi alizeti hupandwa mvua za Desemba na Januari zinapokolea, na huanza kuvunwa Mei. Bajeti ya Serikali husomwa katikati ya Juni bungeni Dodoma, kiasi cha kilomita 55 mashariki ya Bahi, na viwango vipya vya ushuru wa forodha huanza kutumika Julai 1. Kwa hiyo mkulima huja kujua zao lake litalindwa kwa kiasi gani dhidi ya mafuta ya nje wakati magunia yameshajaa. Hapo hana tena la kuamua isipokuwa auze au angoje. Anayetaka kuelewa kwa nini alizeti ya kanda ya kati inayumba na aanzie kwenye kalenda hiyo.

Lawama kwa kawaida hutupiwa Shirika la Biashara Duniani, WTO, lililoanza kazi mwaka 1995. Kwa baadhi ya mazao lawama hiyo ina msingi. Mkulima wa pamba wa Afrika ameumizwa kwa miaka mingi na ruzuku wanazopewa wenzake wa Marekani, na Mkataba wa Kilimo wa shirika hilo haukuzikomesha. Kwa alizeti mambo ni tofauti. Tanzania iliahidi mbele ya WTO kwamba ushuru wake kwa mazao ya kilimo hautavuka asilimia 120. Mwaka 2018, ulinzi wa mafuta ya kula ulipotiliwa mkazo, ushuru uliwekwa kwenye asilimia 35 tu kwa mafuta yaliyosafishwa, na 25 kwa mafuta ghafi. Geneva, makao ya WTO, haijatubana. Nafasi tunayo, na sehemu kubwa yake hatujaigusa.

Kilichotubana kiko karibu zaidi. Mwaka 2005 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kutumia ushuru wa pamoja wenye madaraja matatu: malighafi asilimia 0, bidhaa zilizosindikwa nusu asilimia 10, na bidhaa kamili asilimia 25. Mafuta ghafi ya mawese yakawekwa kwenye daraja la malighafi. Kwa mwenye kiwanda cha kusafisha mafuta pwani, hesabu hiyo ni sahihi. Kwa mkulima wa Kigwe au Mundemu, huko Bahi, malighafi hiyo ndiyo mshindani wake mkuu, na sheria imemfungulia lango. Nchi inayotaka kutoza zaidi hulazimika kuomba ruhusa ya wenzake, na ruhusa hiyo hudumu mwaka mmoja. Mwaka unaofuata maombi huanza upya.

Madhara ya utaratibu huu yalionekana wazi mwaka 2022. Vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta ya kula duniani, na mwishoni mwa Aprili Indonesia ikazuia mawese yake kuuzwa nje kwa wiki kadhaa. Mijini lita ya mafuta ikawa mzigo. Serikali ikalegeza ushuru kumpunguzia mlaji makali. Lakini katika kipindi hichohicho ilikuwa inagawa mbegu na kuwahimiza wakulima wa Dodoma, Singida na Simiyu wapanue mashamba ya alizeti. Kila uamuzi ulikuwa na sababu yake. Maamuzi hayo yalipokutana sokoni yakapingana. Bei ya dunia iliposhuka, mafuta ya nje yaliingia kwa urahisi, na katika msimu wa 2023 bei ya gunia la alizeti ikaporomoka. Wabunge wa mikoa ya kati walilalamika, na ushuru ukapandishwa tena. Aliyekwisha kuuza kwa hasara hakurudishiwa kitu.

Hasara ya msimu mmoja inaweza kufidiwa na mvua nzuri. Kinachodhoofisha zao ni woga unaobaki. Mkulima asiyejua bei ya kesho hanunui mbegu chotara ya bei ghali. Hupanda Record, mbegu ya zamani, au punje alizobakiza ghalani, na mavuno hubaki kidogo. Mwenye mashine ndogo ya kukamua hukosa mbegu za kutosha, hivyo hufanya kazi miezi michache na kufunga. Mafuta mengi hubaki kwenye mashudu, kwa kuwa mtambo wa kuyatoa yote unahitaji mtaji mkubwa. Na mwenye mtaji haweki fedha zake mahali ambapo faida hutegemea hotuba ya Juni. Hivi ndivyo zao linavyodidimia bila ukame wala ugonjwa.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Malaysia, tangu miaka ya 1970, ilitoza ushuru mkubwa zaidi kwa mawese ghafi yanayouzwa nje kuliko kwa mafuta yaliyosafishwa, ili viwanda vijengwe nyumbani. Indonesia nayo ikafuata njia hiyo. Leo nchi hizo mbili hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani. Zilitumia sheria za biashara kwa uvumilivu, na wawekezaji wakaamini kwamba sera haitageuka baada ya miezi 12.

Ushuru peke yake hautaiokoa alizeti. Ukipanda bila tija kuongezeka, atakayeulipa ni mama lishe, pamoja na mkulima huyohuyo wa Bahi anayenunua mafuta ya kupima dukani. Ndiyo maana ulinzi lazima uwe na muda maalumu na uende sambamba na mbegu bora, mikopo ya mitambo na huduma za ugani.

Njia ipo. Tangu Julai 2022 Jumuiya ina daraja la nne la asilimia 35, na kilichomo humo hakiombewi ruhusa kila mwaka. Tanzania ipiganie ushuru wa mafuta ghafi uwekwe humo kwa miaka mitano mfululizo. Kanuni ya kuulegeza, endapo bei ya dunia itavuka kiwango fulani, iandikwe mapema na ijulikane na wote. Na mabadiliko yoyote yatangazwe Oktoba, kabla mbegu haijaingia ardhini. Wabunge wa kanda ya kati wana wajibu wa kulidai hili kila kikao. Serikali inayomhimiza mkulima apande inawajibika kumwambia, kabla hajapanda, atauza chini ya sheria gani.