Bakteria Waishio Ndani ya Mti wa Dawa

Chukua mzizi mbichi wa muarobaini, uoshe kwa spiriti na klorini hadi ganda lisibaki na kijidudu, kisha uupasue na kupanga vipande kwenye sahani ya agari. Baada ya wiki moja au mbili huenda ukaona madoa meupe yenye ungaunga yakichomoza kutoka kiini cha mzizi, na ukifunua sahani yananukia udongo wa mvua ya kwanza. Hao ni Streptomyces, ukoo uliotupatia streptomycin, antibiotiki ya kwanza kufaa dhidi ya kifua kikuu. Watafiti wa India waliwakuta ndani ya muarobaini, hasa mizizini.

Mmea huwapa sukari na makazi. Nao hutengeneza kemikali za kuwazuia kuvu na bakteria wengine wanaougombea mzizi huohuo. Kemikali hizo ndizo tunazozitafuta. Mwaka 2002 kundi la Gary Strobel, Marekani, lilitangaza munumbicin, antibiotiki za Streptomyces aliyetolewa ndani ya mmea wa Kennedia huko Northern Territory, Australia, ambao wenyeji wa asili huutumia kutibu vidonda. Maabarani zilizuia hata vimelea sugu vya kifua kikuu. Lakini kuua kijidudu kwenye sahani bado si kumtibu mtu: dawa lazima ifike penye ugonjwa bila kuharibu ini wala figo, na nyingi hukwamia hapo.

Linaloniuma zaidi liko Kwale, Kenya. Katika miaka ya 1970 zaidi ya tani 27 za mti wa Maytenus buchananii zilivunwa Shimba Hills kwa ajili ya utafiti wa saratani wa Marekani. Kilichotafutwa ni kemikali iitwayo maytansine, ambayo mti huwa nayo kidogo mno. Mwaka 1977 watafiti wa Japani walieleza bakteria, ambaye sasa huitwa Actinosynnema, anayetengeneza kemikali za jamii hiyohiyo. Leo sehemu inayoua seli katika trastuzumab emtansine, dawa ya saratani ya matiti, huanzia kwenye matangi ya kuchachushia bakteria huyo. Hakuna msitu unaofyekwa.

Kwa hiyo anayekwenda Usambara au Kakamega kutafuta dawa achukue kipande kidogo cha mzizi, akiweke kwenye baridi na kukiwahisha maabara kikiwa kibichi, maana jua huua bakteria wengi. Na kabla ya kuchimba, akubaliane kwa maandishi na mganga aliyemwonyesha mti huo.