Mwaka Mmoja Kabla ya Sheria

Shamba moja la michikichi karibu na Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge nchini Burundi, linaweza kuwa na wenyewe wawili, na kila mmoja akawa anasema kweli. Wa kwanza ni mtoto wa familia iliyokimbilia Tanzania machafuko yalipozuka Rumonge na Nyanza-Lac mwishoni mwa Aprili 1972. Wa pili alipewa eneo hilo baadaye, akalima, akazaa watoto, akazika wazazi wake papo hapo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ilimlinda aliyekaa kwenye ardhi kwa miaka 30, au 15 kama aliingia kwa nia njema. Mkataba wa Amani wa Arusha wa mwaka 2000 nao uliahidi kwamba mkimbizi atarudishiwa mali yake au atafidiwa. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ikakuta ahadi hizi mbili zimekutana kwenye mche mmoja.

Kijana aliyekulia katika mojawapo ya nyumba hizo mbili ameanza kusoma sheria kabla hajakanyaga chuo. Amesikiliza hoja za pande zote. Amewaona bashingantahe, wazee wa usuluhishi, wakitafuta neno litakalowawezesha majirani kuamkiana tena asubuhi. Kinachomkwamisha ni lugha, cheti na pengo la masomo.

Lugha kwanza, maana ndiyo inayouma zaidi. Nyumbani anazungumza Kirundi, na sokoni Rumonge, penye mawese na ndagala, anazungumza Kiswahili. Sheria za Burundi zimerithi muundo wa Ubelgiji, na kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Burundi kinafundisha kwa Kifaransa. Sasa mfikirie aliyezaliwa Katumba, Mishamo au Ulyankulu, makazi ya wakimbizi wa 1972 huko Tanzania, akasoma kwa mtaala wa Kitanzania kisha akarudi na wazazi wake. Kiingereza anacho, Kiswahili anacho, ila ukurasa wa kwanza wa Kanuni ya Adhabu unamfungia mlango. Akivuka mpaka kwenda kusoma Tanzania, atakuta ugumu mwingine: huko sheria ilifuata njia ya Waingereza, ambako hukumu ya jaji wa jana inamfunga hakimu wa leo. Mwanafunzi wa Bujumbura hutangulia kutafuta kifungu. Wa Dar es Salaam hulazimika pia kuuliza kesi gani iliwahi kuamuliwa hivyo.

Hapo ndipo mwaka wa msingi unapohitajika. Ni mwaka mmoja kabla ya shahada, ambao mwanafunzi anajifunza kuandika hoja, kusoma maandishi marefu na kuifahamu lugha ya somo lake. Uingereza vyuo kadhaa huuunganisha na shahada ya sheria na kriminolojia, hivyo miaka mitatu ikawa minne. Karibu zaidi na Kigwena, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kozi yake ya msingi. Katika miongozo yake ya udahili, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania imetaka aliyepitia kozi hiyo apate wastani wa alama 3.0 katika masomo sita, na walau C katika masomo matatu ya fani yake. Tena awe na ufaulu kiasi wa kidato cha sita, au stashahada. Mwenye cheti cha Burundi anahitaji kwanza kukipeleka Baraza la Mitihani la Tanzania kilinganishwe. Jambo hili linastahili kufanywa mapema, kabla ya kuuza mbuzi wa nauli.

Kriminolojia, elimu ya uhalifu, ni ndugu wa sheria mwenye maswali tofauti. Sheria inauliza nani amevunja kifungu gani. Kriminolojia inauliza kwa nini amekivunja yeye, hapa, mwaka huu. Kigwena ina msitu wa hifadhi, mmoja wa misitu michache ya nyanda za chini iliyosalia Burundi, na mahitaji ya kuni na ardhi yameukaba pande zote. Ukimkamata mkata miti na kumfunga, umemaliza kazi ya sheria. Bado hujajua kuni za jikoni kwake zitatoka wapi kesho. Ziwani ni hivyo hivyo: mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Anayevua usiku wakati wa zuio anastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi ya kuhesabiwa faini.

Anayetaka kuisoma taaluma hiyo kwa Kifaransa, tena katika mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya mtaani, ana Shule ya Kriminolojia ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Kongo. Ni safari ndefu, lakini kwa kijana wa mwambao huu ina faida ambayo London haina: atawahoji watu kwa lugha anayoota nayo.

Na kazi ipo. Mahakama ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao Arusha huendesha shughuli zake kwa Kiingereza, na mwaka 2021 jaji kutoka Burundi, Nestor Kayobera, alikuwa rais wake. Mrundi aliyesoma sheria kwa Kifaransa anaweza basi kufika mbali akiongeza lugha ya pili ya sheria. Kinachosikitisha ni kwamba daraja hilo la lugha kila mtu anajijengea mwenyewe, kwa kozi za jioni na kamusi za kuazima. Chuo Kikuu cha Burundi kingefungua mwaka wa msingi wa sheria wenye Kifaransa cha mahakamani, Kiingereza cha Jumuiya na somo zima la migogoro ya ardhi ya Rumonge na Nyanza-Lac. Kesi za kufundishia zimejaa kwenye majalada ya Tume ya Ardhi, na mashahidi wengi wa mwaka 1972 sasa ni wazee sana.