Je, Utumbo Unaweza Kubadilishwa?

Sisi tunaokwenda mnadani hapa Kisongo tumeona mara nyingi mbuzi akipasuliwa. Utumbo wake ni mrefu, umejikunja-kunja. Wa binadamu ni hivyo hivyo. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa kama meta 6. Ndio unaofyonza chakula na kukitia katika damu. Mtu akikatwa sehemu kubwa ya utumbo huo, hata akila sahani mbili za ugali, mwili hubaki na njaa.

Sasa, anaweza kuwekewa utumbo wa mtu mwingine? Ndiyo, lakini si kazi rahisi. Mwaka 1967 Daktari Richard Lillehei wa Marekani alijaribu. Mgonjwa akafariki upesi. Kwa nini? Mwili una askari wake. Wakiona kitu kigeni hukishambulia. Utumbo nao una askari wengi, tena umejaa vijidudu. Kwa hiyo vita vyake ni vikali kuliko vya figo.

Mwaka 1988 Daktari Deltz wa mji wa Kiel, Ujerumani, alifanikiwa. Alitumia dawa ya kuwapunguza nguvu askari hao, iitwayo siklosporini. Miaka ya 1990 ikaenea dawa bora zaidi, takrolimusi. Siku hizi wagonjwa wengi huvuka mwaka wa kwanza. Lakini ni lazima wameze dawa maisha yao yote, na magonjwa huwapata kwa urahisi.

Hapa Tanzania figo ilipandikizwa kwa mara ya kwanza Muhimbili, Novemba 2017. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Utumbo bado.

Basi tuutunze tulio nao. Wakati mwingine utumbo hujisokota kama kamba. Damu haipiti, na baada ya saa chache huanza kuoza. Dalili zake ni hizi: tumbo kuuma sana na kuvimba, kutapika, kukosa choo na hata kushindwa kujamba. Tusione haya kulitaja jambo hili kwa daktari.

Mgonjwa wa namna hiyo tusimkande tumbo. Tusimpe haluli wala dawa ya mizizi. Tusingoje kesho. Tumpeleke Hospitali ya Mount Meru mara moja. Akiwahi, daktari huweza kuukunjua utumbo ukiwa bado mzima. Akichelewa, utakatwa. Na utumbo uliokatwa hauoti tena.